Toronto kwa Tramu Namba 506

Mgeni mwenye siku moja tu ya kuiona Toronto asihangaike na teksi. Apande tramu namba 506. Huanzia bustani ya High Park, magharibi mwa jiji, ikapasua katikati ya mji hadi stesheni ya Main Street upande wa mashariki. Ukilipa kwa kadi, nauli yako inadumu saa mbili: unashuka, unaonja kitu, unapanda nyingine bila kulipa tena. Jiji hili kubwa kuliko yote nchini Kanada lilikuwa na watu wapatao milioni 2.8 kwenye sensa ya mwaka 2021, na karibu nusu yao walizaliwa nchi nyingine. Vyakula vyao vimejipanga kando ya reli hii. Njoo kati ya Juni na Septemba tu. Wakati wa theluji hata wenyeji hawatembei kwa raha.

Kituo cha kwanza cha kushuka ni Little Italy, kwenye barabara ya College. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, Waitalia walikuja kwa maelfu wakashika kazi za ujenzi. Hapa ndipo Johnny Lombardi, mwenye duka la vyakula, alipoanzisha redio ya CHIN mwaka 1966, na hadi leo inatangaza kwa lugha zaidi ya thelathini. Lakini ukikaa kwenye kiti cha nje ukaagiza kahawa, usitarajie kusikia Kiitalia kingi. Wajukuu wa mafundi wale wamekwishajenga nyumba zao pembezoni mwa jiji. Zimebaki kahawa, aiskrimu, na jina la mtaa.

Hilo ndilo la kushika katika safari hii: mitaa ya Toronto ni mapokezi. Watu hufikia hapo, wakapata nguvu, wakahama. Jiko lao hubaki nyuma likiwapokea wengine.

Kituo kinachofuata cha kushuka, mtaa wa Kensington Market, kinaonyesha jambo hilo waziwazi. Miaka ya 1920, Wayahudi kutoka Ulaya Mashariki walipanga bidhaa mbele ya nyumba zao, na baadaye sebule zikageuka maduka. Ndiyo maana soko hili halina jengo la soko. Ni nyumba za kawaida zenye biashara tumboni. Wareno walifuata na samaki wao mkavu wa chumvi, kisha watu wa Karibiani, kisha wa Amerika ya Kusini. Masinagogi mawili ya zamani bado yamesimama katikati ya harufu ya vitumbua vya mahindi vya Kisalvador. Mwaka 2006 serikali iliutangaza mtaa mzima kuwa eneo la kihistoria.

Nunua hapo pati ya Kijamaika. Ni andazi bapa, njano kwa manjano, lenye nyama ya kusaga yenye pilipili. Ukiliuma, maganda yake huvunjika vipande na kujaa kifuani. Mwaka 1985 andazi hili lilizua mzozo na serikali. Wakaguzi walisema kanuni zinataka kitu kinachouzwa kwa jina la pati ya ng'ombe, kama andazi hili lilivyoitwa wakati huo, kiwe nyama tupu, bila unga. Waokaji waligoma kubadili jina walilokua nalo. Mwezi Februari pande mbili zikakubaliana: iitwe pati ya Kijamaika, na yaishe. Leo huuzwa mpaka ndani ya stesheni za treni za chini ya ardhi.

Hatua chache tu kutoka Kensington, kwenye barabara ya Spadina, wapo Wachina. Hawakuhamia huko kwa hiari yote. Mtaa wao wa kwanza ulibomolewa kwa sehemu kubwa ili kupisha ukumbi mpya wa jiji, uliofunguliwa mwaka 1965, nao wakachukua maduka ambayo Wayahudi walikuwa wakiyaacha. Kodi zilipopanda, baadhi walisogea mashariki. Utawakuta tena tramu ikishavuka bonde la mto Don, kwenye makutano ya Broadview na Gerrard, wakichanganyika na Wavietinamu na masufuria yao ya supu.

Mbele kidogo kwenye Gerrard, harufu inabadilika kuwa ya nyumbani. Mtaa huu wa Wahindi na Wapakistani haukuanza na mgahawa. Ulianza na sinema: mwaka 1972 ukumbi wa Naaz ulianza kuonyesha filamu za Kihindi, watazamaji wakaja kutoka mbali, na wenye njaa wakafuatwa na wapishi. Jioni za kiangazi muuzaji hupepea makaa kando ya njia, akageuza hindi kwa vidole vilivyozoea moto, kisha akachovya nusu ya ndimu kwenye chumvi na pilipili na kulisugua. Mtu wa Tanga au Mombasa hahitaji kufundishwa namna ya kulila.

Mwaka huohuo wa 1972 Idi Amin aliwafukuza Waasia kutoka Uganda, na Kanada ikawapokea maelfu. Wengine waliwafuata kutoka Kenya na Tanzania. Ndiyo sababu kwenye orodha za vyakula za migahawa kadhaa ya jiji hili utaona "mogo", ambao ni muhogo wetu wa kukaanga, na mishkaki. Mwandishi M.G. Vassanji, aliyezaliwa Nairobi na kukulia Dar es Salaam, aliandika juu ya watu hao katika riwaya yake ya No New Land ya mwaka 1991: familia za Dar zilizojikuta kwenye maghorofa ya Don Mills.

Tramu inaishia Main Street. Tembea kidogo hadi barabara ya Danforth, uelekee mashariki. Hapa mabango ni ya Kibengali, na maduka yana majokofu ya samaki wa mito ya Bangladesh, wagumu kama mawe. Kina mama wanawachagua kwa kuwagonga kwa kidole, wakibishana bei. Hawa bado hawajaanza kufungasha mizigo ya kuhama. Kuhusu nauli yako, saa mbili zilikwisha kitambo, pengine ulipokuwa bado unapukuta maganda ya pati kifuani. Kurudi utalipa upya.