Jamaa aliyejifanya anafunga viatu mbele ya Wajerumani

Hebu jiweke pale. Ni Februari 1944, karibu na mji wa Littoria, Italia. Umejificha ndani ya nyumba ya shamba iliyohamwa na Wajerumani wako kama mita 200 mbele yako. Kazi yako ni kuchungulia mizinga yao imefichwa wapi, kisha uwaambie wenzako kwa simu. Waya wa hiyo simu umeutandaza mwenyewe, mita 1,400 hivi. Mara bomu linaanguka, waya unakatika. Simu kimya.

Ungefanya nini? Mimi, niseme tu ukweli, ningelala chini hadi giza liingie.

Tommy Prince hakungoja giza. Huyu alikuwa sajini wa Kanada, mtu wa jamii ya Ojibwe, wenyeji wa asili wa kule, ambaye alikataliwa na jeshi mara kadhaa kabla ya kuchukuliwa 1940. Alivaa nguo za mkulima, akashika jembe, akatoka mchana kweupe. Akawa analima polepole akifuata waya, kama mzee anayewaza mboga zake tu. Alipofika palipokatika aliinama kana kwamba anafunga kamba za viatu, akauunga.

Halafu, na hapa ndipo jamaa ananimaliza kabisa, aliwatolea Wajerumani ngumi. Akageuka, akawatolea na watu wa upande wake! Mkulima amechoka na vita shambani kwake, si ni hivyo? Akarudi ndani, akaendelea kupiga ripoti, na mizinga ya adui ikanyamazishwa.

Februari 1945, Mfalme George VI alimvisha nishani mbili pale Buckingham.

Sasa shika hii. Aliporudi kwao, wengi wa watu wake hawakuruhusiwa kupiga kura ya kitaifa. Watu wake walipata haki hiyo bila masharti mwaka 1960. Usicheke Kanada, lakini. Babu zetu wa KAR walipigana Burma, na Mwafrika wa Kenya alingoja hadi 1957 kumchagua mjumbe wake wa Baraza la Kutunga Sheria, tena si kila mtu.

Prince alienda vita vya Korea pia, akarudi na magoti mabovu. Pombe ikamshika. Alifariki Winnipeg mwaka 1977, maskini, nishani zake zikiwa zimetoka mikononi mwake. Miaka mingi baadaye ilibidi familia yake izinunue tena kwenye mnada.