Gari Jipya Lisilopona na Madai ya Mnunuzi Huko California

Gari jipya linaponunuliwa nchini Marekani huambatana na waranti, yaani ahadi ya maandishi ya kampuni iliyolitengeneza kwamba kasoro ya kiwandani itakayojitokeza ndani ya muda au umbali uliotajwa itarekebishwa bila malipo. Kwa muda mrefu ahadi hiyo ilikuwa na pengo kubwa, kwa sababu ilimpa mnunuzi haki ya kutengenezewa lakini haikueleza nini kifanyike kwa gari linalotengenezwa, likarudi barabarani, likaharibika palepale lilipoharibikia, likapelekwa tena gereji, na kuendelea hivyo mpaka waranti ikaisha na gharama zikamwangukia mwenye gari, ambaye muda wote huo alikuwa akilipa mkopo wa chombo asichoweza kukitegemea kumfikisha kazini. Pengo hilo ndilo lililozaa sheria ambazo Wamarekani huziita sheria za malimau, limau likiwa ndilo jina la mitaani la gari bovu lililouzwa kama zima.

Jimbo la California lilitangulia mwaka 1970 kwa Sheria ya Song-Beverly, iliyohusu waranti za bidhaa za matumizi ya nyumbani kwa jumla, na mwaka 1975 ikatiwa saini Sheria ya Magnuson-Moss inayosimamia waranti nchi nzima. Sheria ya kwanza iliyolenga magari mapya peke yake ilitungwa Connecticut mwaka 1982, na mwaka huohuo California ikaongeza katika sheria yake vifungu vinavyojulikana kwa jina la mbunge Sally Tanner. Leo majimbo yote 50 yana sheria za namna hii, ingawa hazifanani: New York, kwa mfano, humlinda mnunuzi kwa miaka 2 au maili 18,000 za mwanzo, na huko Texas malalamiko hupelekwa kwenye idara ya serikali ya magari. Makala haya yanafuata sheria ya California, jimbo linaloongoza kwa ununuzi wa magari mapya Marekani.

Sheria haihusu kila kasoro. Redio inayokwaruza au mkwaruzo mdogo wa rangi hauwezi kulirudisha gari kiwandani, kwa maana hitilafu inayohesabiwa ni ile iliyo chini ya waranti na inayopunguza kwa kiasi kikubwa matumizi ya gari, thamani yake au usalama wa wanaolitumia, na ambayo haikusababishwa na mwenye gari kwa kulitumia vibaya. Giaboksi inayosita gari linapoingia barabara kuu, breki zinazozama, injini inayozimika kwenye makutano, au programu ya kompyuta ya gari inayokata umeme bila kutoa onyo, zote hizo ni hitilafu zinazoweza kutimiza kipimo hicho. Hitilafu ikishatambuliwa, kampuni au gereji inayoiwakilisha hupewa idadi ya kuridhisha ya majaribio ya kuitengeneza, na majaribio hayo yakishindikana kampuni inawajibika kulichukua gari na kumpa mnunuzi jingine au kumrejeshea fedha zake. Uamuzi wa kuchagua fedha ni wa mnunuzi, wala kampuni haina mamlaka ya kumlazimisha apokee gari jingine.

Ugomvi mkubwa ulikuwa juu ya maneno hayo ya idadi ya kuridhisha, kwa sababu kampuni ingeweza kudai daima kwamba jaribio moja zaidi lingetosha. Vifungu vya Tanner viliyawekea maneno hayo hesabu. Ikiwa ndani ya miezi 18 tangu gari likabidhiwe, au kabla halijatembea maili 18,000 ambazo ni kama kilomita 29,000, kipi kitangulie, hitilafu ileile imepelekwa kutengenezwa mara 4 au zaidi, au mara 2 tu, kama ni hitilafu inayoweza kuua au kujeruhi vibaya, au kama gari limelala gereji kwa jumla ya zaidi ya siku 30 za kalenda, hata zikiwa za vipande vipande, basi mahakama huanza na dhana kwamba majaribio yametosha, na mzigo wa kuonyesha vinginevyo unahamia kwa kampuni. Kwa hesabu ya majaribio, mnunuzi hutakiwa pia awe ameiarifu kampuni yenyewe moja kwa moja, pale ambapo kitabu cha waranti kimemweleza wazi afanye hivyo. Ni muhimu kuelewa kwamba dhana hiyo ni ngazi ya kumrahisishia mnunuzi kupanda, wala si mlango pekee wa kuingilia, kwani hata gari lililovuka maili 18,000 linaweza kudaiwa maadamu hitilafu ilijitokeza waranti ikiwa hai, ila mnunuzi atalazimika kuthibitisha mwenyewe kwamba kampuni ilipewa nafasi ya kutosha.

Hesabu hiyo ya mara na siku inathibitishwa kwa karatasi za gereji, na hapo ndipo madai mengi hupata nguvu au hufia. Sheria ya California inaitaka gereji kuandika kazi yote iliyofanyika katika ankara, ikiwemo kazi ya waranti isiyolipiwa, na kumpa mteja nakala. Ankara hiyo huonyesha tarehe ambayo gari liliingia, tarehe lililotoka, maili zilizosomeka kwenye dashibodi, lalamiko la mteja na kazi iliyofanywa na fundi. Mistari hiyo michache ndiyo itakayosomwa na wakili wa kampuni miaka miwili baadaye, wakati ambapo mhudumu aliyelipokea gari ameshahama kazi na hakuna anayekumbuka kilichosemwa pale kaunta. Kwa hiyo mwenye gari anapaswa kuisoma kabla hajaondoka, na kuhakikisha kwamba lalamiko limeandikwa kama alivyolisema. Akieleza kwamba gari hupoteza nguvu ghafla kwenye mwendo wa maili 60 kwa saa, na mhudumu akaandika tu kwamba mteja anaomba gari likaguliwe, basi ziara hiyo haitalingana na nyingine tatu zilizoandikwa vizuri, na kampuni itasema kwamba hitilafu ile ilipelekwa mara 3 tu.

Mtego mwingine hutokea fundi anapoandika kwamba tatizo halikuonekana, au kwamba gari linafanya kazi kama lilivyobuniwa. Wanunuzi wengi huvunjika moyo kwa maneno hayo na kuiona ziara kuwa imepotea bure, na wengine, kwa uchovu, huacha kabisa kwenda. Huo ni uamuzi unaowagharimu sana, kwa sababu ziara iliyoishia kwa maneno hayo inaweza kuhesabiwa kuwa ni nafasi ambayo kampuni ilipewa ikaitumia vibaya, madhali lalamiko limeandikwa kwa usahihi. Kinachopotea kweli ni ziara isiyoacha karatasi: mhudumu anayezima taa ya onyo kwa kompyuta pale uwanjani na kumruhusu mteja aondoke, au anayemshauri kwa simu aendelee kuendesha aone itakuwaje. Video ya simu inayoonyesha dashibodi ikiwaka taa, pamoja na risiti za gari la kukokota na za gari la kukodi, hukamilisha faili hilo.

Karatasi hizo hizo ndizo zinazoamua pia kiasi cha fedha. Mnunuzi anayerejeshewa hulipwa kianzio alichotoa, marejesho ya mkopo aliyokwisha kulipa, kodi ya mauzo na ada za usajili, na kampuni humalizia deni lililobaki benki. Gharama za kukokota na kukodi gari huongezwa juu yake. Kampuni nayo inaruhusiwa kukata kiasi fulani kwa matumizi ambayo mnunuzi aliyapata kabla ya kasoro, na kanuni yake ni kuchukua maili zilizokuwa kwenye gari siku lilipopelekwa gereji kwa mara ya kwanza kwa hitilafu hiyo, kuzigawa kwa 120,000, kisha kuzidisha kwa bei ya gari. Gari la dola 36,000 lililopelekwa kwa mara ya kwanza likiwa na maili 6,000 litakatwa dola 1,800. Mwenye gari hilohilo, aliyeihisi hitilafu mapema akanyamaza mpaka maili 18,000, atakatwa dola 5,400. Tofauti ya dola 3,600 imetokana na tarehe ya ankara ya kwanza peke yake, na maili zote zilizotembewa baada ya siku hiyo, hata zikiwa nyingi, haziingii katika hesabu.

Kampuni ikithibitika kuwa ilijua wajibu wake ikaukataa kwa makusudi, mahakama inaweza kuitoza adhabu ya hadi mara 2 ya hasara ya mnunuzi, ambayo analipwa mnunuzi mwenyewe. Juu ya hayo, mnunuzi akishinda, kampuni ndiyo inayolipa ada za wakili wake, na kwa sababu hiyo mawakili wengi wa eneo hili hupokea kesi bila kumtoza mteja chochote mwanzoni. Kanuni hii ya ada ndiyo roho ya sheria nzima, kwa kuwa bila ya hiyo hakuna dereva wa kipato cha kawaida ambaye angethubutu kushindana na kampuni ya magari kwa ajili ya giaboksi. Baadhi ya kampuni zina utaratibu wa usuluhishi nje ya mahakama, ambao hauna malipo na huenda haraka. Pale ambapo utaratibu huo umeidhinishwa na jimbo, mnunuzi hutakiwa kuupitia kabla ya kuitegemea dhana ya Tanner. Uamuzi wake haumfungi mnunuzi asipoukubali, lakini unaweza kuwasilishwa mahakamani kama ushahidi, hivyo haifai kwenda huko na faili pungufu.

Miaka ya karibuni imebana njia hii. Sheria iliyosainiwa mwaka 2024 na kurekebishwa mwaka 2025 imeziruhusu kampuni kuchagua kufuata utaratibu mpya, ambao chini yake kesi inapaswa kufunguliwa ndani ya mwaka 1 baada ya waranti husika kuisha, na kwa vyovyote isizidi miaka 6 tangu gari lilipokabidhiwa. Anayetaka adhabu itozwe lazima kwanza aiandikie kampuni na kuipa siku 30, na kampuni ikikubali kulichukua gari ndani ya siku hizo na kukamilisha ndani ya siku 60, adhabu haitozwi. Jimbo huchapisha orodha ya kampuni zilizochagua utaratibu huo, na ni kosa kubwa kuanza safari hii bila kuitazama. Tena, Oktoba 2024 Mahakama ya Juu ya California iliamua kwamba gari lililotumika, hata likiuzwa na masalio ya waranti ya kiwanda, halihesabiwi kuwa gari jipya kwa sababu ya masalio hayo pekee, na kwa uamuzi huo wanunuzi wengi wa kipato kidogo wameachwa nje ya ulinzi bora kabisa wa sheria hii.

Wasomaji wa Kiswahili wanaoishi huko wana mambo mawili ya kuzingatia. La kwanza ni kwamba dereva anayebeba abiria au mizigo kwa gari lake hatengwi, kwani California inalinda pia gari la biashara lenye uzito usiofikia pauni 10,000, yaani kama kilo 4,500, mradi mwenyewe hana magari zaidi ya 5 yaliyosajiliwa jimboni. La pili ni lugha. Sheria ya jimbo humlazimisha muuzaji kutoa tafsiri ya mkataba pale mazungumzo yalipofanyika hasa kwa Kihispania, Kichina, Kitagalogi, Kivietinamu au Kikorea. Kiswahili hakimo, na mwenye kukisema hupewa hati za Kiingereza na kutakiwa atie saini. Kwa hiyo kumchukua ndugu au jirani anayesoma Kiingereza vizuri, siku ya kununua na siku ya kupeleka gari gereji vilevile, ni tahadhari yenye thamani.

Nchini Kenya na Tanzania mambo yamejengwa kwa namna nyingine. Sheria za uuzaji wa bidhaa za nchi hizo, zilizotokana na ile ya Uingereza ya mwaka 1893, zinamtaka muuzaji atoe bidhaa yenye ubora unaostahili, na Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 46, inautaja ubora huo kuwa haki ya mlaji. Lakini mwenye gari jipya bovu hulazimika kubishania maana ya ubora huo bila msaada wa hesabu ya mara 4 au siku 30.

Huko California, hatimaye, gari lililorudishwa kiwandani haliyeyuki. Kampuni inaweza kulitengeneza na kuliuza tena, kwa sharti kwamba hati yake ya umiliki ipigwe chapa inayosema limerudishwa chini ya sheria hii, mnunuzi mpya aelezwe kwa maandishi kasoro iliyokuwapo, na kibandiko kibandikwe kwenye fremu ya mlango wa mbele wa kushoto. Anayeagiza gari lililotumika kutoka California, awe Bujumbura, Goma au Kigali ambako magari hupita upande wa kulia wa barabara kama Marekani, anaweza kuomba nakala ya hati ya umiliki na picha ya fremu hiyo kabla hajatuma fedha.