Muundo Kabla ya Data

Mtaalamu wa mimea akiuweka mmea uliokaushwa na kubandikwa karatasini katika jenasi moja, kisha mwenzake, kwa hoja zisizopungua nguvu, akaona mahali pake ni jenasi nyingine, mmea wenyewe haugeuki hata chembe. Kinachogeuka ni mpango unaouzunguka, yaani muundo, na mpango huo ndio elimu wanayoishindania. Kwa ajili ya mambo kama haya Peter Nürnberg na wenzake wawili, katika mkutano wa haipateksti, yaani maandishi yaliyounganishwa kwa viungo, uliofanyika Southampton, Uingereza, mwaka 1997, walitoa rai kwamba muundo usihesabiwe tena kuwa mfuasi wa data, bali uwe ndio asili na msingi wa kazi ya kompyuta.

Mifumo mingi ya haipateksti ya zama zile ilijua nodi, yaani kipande cha habari, na kiungo cha kuunganisha nodi tu, ilhali haja za watu ni nyingi: mtaalamu wa mimea ataka seti zilizomo ndani ya seti, na wenye kujadiliana, kama waliotumia gIBIS, mfumo wa mwaka 1988, wataka suala, msimamo na hoja zipambanuliwe. Kila mtungaji wa programu alilazimika kukikalifisha kiungo kazi isiyo yake, na fauka ya hayo kujenga upya hifadhi na mawasiliano ya mtandao, mambo yasiyohusiana na mimea wala na majadiliano.

Taabu hiyo ndiyo iliyokusudiwa kupunguzwa na Construct, mfumo wenye zana za kutungia programu, kazi ya Uffe Kock Wiil na wenzake huko Esbjerg, Denmark. Mtungaji huchora huduma anayoitaka pamoja na amali zake, tuseme kufungua jenasi, kutia mmea na kuutoa. Zana huugeuza mchoro kuwa maelezo rasmi, na kutokana nayo huzalisha mifupa ya programu katika lugha ya Java. Linalobaki ni kujaza maana: mmea ukitiwa katika jenasi mbili, je, ukubaliwe, kwa kuwa wataalamu wana haki ya kuhitilafiana, au ukataliwe? Kwangu mimi hapa ndipo penye thamani ya zana hizi, zaidi hata ya wasaa zinaouokoa, kwa kuwa swali hilo, ambalo aghalabu lilifikiwa mwisho na mtu aliyekwisha kuchoka, sasa hufikiwa mwanzo. Jibu lake hapana zana itakayolitoa. Na mchoro ukiwa na kasoro, mifupa nayo itazaliwa na kasoro ile ile, imepangika vizuri hata isishukiwe, ndiyo maana yapasa mtaalamu wa mimea auone mchoro huo kabla haujatiwa katika zana.