Zheng Qinwen: raketi nitamnunulia, lakini…

Novemba 2024 tulikuwa sebuleni mimi na binti yangu, tukitazama fainali ya Riyadh. Zheng Qinwen wa China akafungwa na Coco Gauff, seti 2-1. Binti akaniuliza: "Mama, huyu alianzaje?"

Nikamweleza. Kazaliwa 2002 mjini Shiyan, mkoa wa Hubei. Bado mdogo akapelekwa Wuhan kufundishwa tenisi, mbali na nyumbani. Aliyemtazamia ni Li Na, Mchina aliyeshinda Roland Garros 2011. Baadaye akahamia Barcelona, mama yake akaenda naye.

Mwaka 2022, ana miaka 19, alimnyang'anya seti Iga Swiatek, namba moja wa dunia, hapo hapo Roland Garros. Kisha maumivu ya siku zake yakamzidi, akashindwa. Alilisema waziwazi, wala hakuona haya. Miaka miwili baadaye, uwanja ule ule, akamtoa Swiatek nusu fainali na kuchukua dhahabu ya Olimpiki.

Binti kanyamaza, kisha: "Na mimi nataka raketi."

Raketi nitamnunulia, inshallah. Lakini kumwachia aende mbali peke yake? Wallahi, hapo moyo wangu bado haujakubali.