Hisa Zinazouzwa Faraghani: Kikundi Kiulize Nini?

Vikundi vingi vya kujisaidia, hapa Gatina na kule mashambani, sasa vina akiba ya kutosha. Na palipo na pesa, wanaozitafuta hawakosi. Mtu anafika mkutanoni na kusema: "Kampuni yetu inauza hisa, lakini si kwa kila mtu. Nyinyi mmechaguliwa." Je, hii ni biashara halali ama ni ulaghai? Tuelewe kwanza.

Kampuni inaweza kuuza hisa kwa njia mbili. Ya kwanza ni hadharani. Mwaka 2008 Serikali iliuza hisa bilioni 10 za Safaricom kwa shilingi 5 kila moja, na wananchi wa kawaida walipanga foleni kununua. Kabla ya mauzo kama hayo, Mamlaka ya Masoko ya Mitaji hupitisha kijitabu kinachoeleza hesabu, madeni na hatari za kampuni.

Njia ya pili ni faraghani. Kampuni inawaendea wachache inaowataka na kupatana nao bei. Mwaka 2007 benki ya Equity iliuzia Helios, kampuni ya uwekezaji ya London, karibu robo ya benki kwa takriban shilingi bilioni 11. Njia hii ni halali, ni ya haraka na gharama yake ni ndogo.

Basi hatari iko wapi? Iko hapa: mnunuzi wa faraghani hujilinda mwenyewe. Helios walikuwa na mawakili na wahasibu wa kupekua vitabu. Sisi tuna mweka hazina na daftari lake. Tena hisa kama hizi mara nyingi haziuzwi katika Soko la Hisa. Karo ikihitajika Januari, mnunuzi utamtoa wapi?

Hata kuikopesha kampuni faraghani kuna hatari hiyo hiyo. Cytonn High Yield Solutions ilichukua pesa za maelfu ya watu kwa njia ya faragha, nje ya uangalizi wa Mamlaka, ikaziweka katika ujenzi wa nyumba. Mwaka 2021 ikashindwa kuwalipa. Januari 2023 Mahakama Kuu ikaamuru ifungwe na mali yake igawiwe wanaoidai.

Kwa hivyo kabla ya kutoa hata shilingi moja, ulizeni:

1. Je, Mamlaka inawajua watu hawa? Msitosheke na cheti mlichoonyeshwa. Cheti cha kuandikisha kampuni si ruhusa ya kukusanya pesa za watu. Ulizeni Mamlaka wenyewe.

2. Je, ni faragha kweli? Kwa sheria ya makampuni ya 2015, kampuni binafsi haizidishi wenye hisa 50, bila kuhesabu wafanyakazi, wala haitangazii umma hisa zake. Ikitangazwa redioni, hiyo si faragha tena.

3. Hesabu zilizokaguliwa ziko wapi?

4. Tukitaka kutoka, nani atatulipa, na lini?

5. Pesa hizi zikipotea zote, kikundi kitasimama?

Majibu yasomwe mbele ya wanachama wote, muuzaji akiwa ameshaondoka, na uamuzi uandikwe katika kumbukumbu. Akisema nafasi inafungwa leo, mwacheni aifunge. Akiba hii ni jasho la mama anayeuza sukuma wiki tangu alfajiri. Haraka haraka haina baraka.

Mungu abariki kazi ya mikono yenu.