Mtawala Aliye Mwepesi Kuliko Uyoga

Jumapili hii nakuletea swali moja: ni kiumbe gani kinachoitawala dunia? Wengi tutajibu haraka kwamba ni mwanadamu. Tutafungua Mwanzo 1:28 na kuonyesha kwamba Mungu mwenyewe alimkabidhi mwanadamu samaki, ndege na wanyama. Jibu hilo si la uongo. Lakini kabla hatujavimba kichwa, hebu tupande kwanza kwenye mizani.

Mwaka 2018 wanasayansi watatu, Yinon Bar-On, Rob Phillips na Ron Milo, walichapisha makadirio ya uzito wa viumbe hai wote duniani, wakipima kaboni iliyomo miilini mwao. Tuseme uhai wote ungekuwa gunia moja la kilo 100. Kilo 82 zingekuwa mimea. Kilo 13 zingekuwa bakteria, viumbe tusiowaona kwa macho. Uyoga na jamii yote ya kuvu wangechukua kilo 2 hivi. Wanyama wote, kuanzia nyangumi hadi sisimizi, wasingefikisha hata nusu kilo, na sehemu kubwa ya hiyo ni wadudu na jamaa zao kama kaa na kamba. Na sisi binadamu, pamoja na majiji yetu yote? Gramu 10 tu.

Ukitaka kulielewa jambo hili, fikiria msitu wa Nyantakara, mkoani Kagera, upande wa Ngara na Biharamulo. Miti ya miombo inasimama pale kwa msaada wa kuvu walioshikamana na mizizi yake. Kuvu huitafutia miti maji na madini ardhini, nayo miti huwalipa chakula. Mchwa husaga miti iliyokufa, bakteria huirudisha kuwa udongo, na katika udongo huo mche mwingine huota. Hakuna anayewapigia saluti wala kuwatengea kiti cha mbele. Lakini wakigoma siku moja, wewe na mimi hatuna chakula.

Wahenga walisema, mdharau mwiba mguu huota tende. Mwishoni mwa karne ya 19, sotoka, ugonjwa unaoletwa na kirusi, uliua ng'ombe wengi mno Afrika Mashariki. Malisho yakarudi kuwa pori na mbung'o akaenea. Baadaye, enzi za Waingereza, watu wa sehemu nyingi za magharibi mwa Tanganyika walihamishwa na kukusanywa katika makazi ya pamoja kwa sababu ya malale. Serikali yenye bunduki na magereza ilimpisha nzi.

Hata hivyo, ndugu yangu, wepesi wetu haujaufanya mkono wetu kuwa mwepesi. Makadirio yale yale yanaonyesha kwamba kati ya kila kilo 100 za wanyama wanaonyonyesha, binadamu ni kilo 36 na mifugo yetu ni kilo 60. Tembo, nyati, swala, nyangumi na wenzao wote wa porini wamebakiwa na kilo 4. Hizo gramu 10 zimejitanua mpaka wengine wamekosa pa kukaa.

Na miti je? Mwaka 1994, Ngara ilipopokea wakimbizi kutoka Rwanda kwa maelfu, miti ndiyo iliyowapa kuni za kupikia na nguzo za vibanda. Ilitoa mpaka maeneo mengi yakabaki wazi. Ulikuwa wakati wa dhiki, na hatuwezi kumlaumu mama aliyekuwa akimpikia mtoto wake uji. Lakini leo, tunapochoma mkaa kwa pupa na kufyeka bila kupanda, dhiki yetu ni ipi?

Hapa ndipo tunapokosea maana ya kutawala. Sura moja tu baada ya lile agizo, katika Mwanzo 2:15, mwanadamu anapewa bustani ili aifanyie kazi na kuilinda. Naye Bwana Yesu, katika Marko 10, anawafundisha wanafunzi wake kwamba ukubwa kwake ni utumishi. Ukipima kwa kipimo hicho, mti wa Nyantakara umetii kuliko wengi wetu. Ni mkubwa, nao unalisha. Sisi ni wadogo, nasi tunataka kulishwa.

Mtunzi wa Zaburi ya 8 alitazama mbingu akashangaa kwamba Mungu anamkumbuka kiumbe mdogo kama mwanadamu. Heshima yetu haitokani na uzito wetu. Ni dhamana tuliyopewa, na mwenye mali atauliza hesabu yake.

Askofu Fredrick Shoo, aliyewahi kuwa Mkuu wa KKKT, alijulikana kwa kuwahimiza waumini wa Kilimanjaro kupanda miti. Usharika wako, parokia yako au kigango chako kinangoja nini? Watoto wa kipaimara wapewe miche. Kwaya ipande, jumuiya imwagilie. Na kabla hujakata mti shambani kwako, jiulize ni nani utamkuta amepungukiwa kesho.

Ee Mungu Muumba, tufundishe kutawala kama wewe unavyotawala, kwa kutunza. Amina.