Figili ikishatoa maua

Mwezi Juni hapa Leicester jua huchomoza kabla ya saa 11 alfajiri, na likizama ni saa 3 na nusu usiku. Mchana mrefu namna hii ndio unaoisukuma figili kutoa maua. Wiki hii unaona majani yaliyolala chini, wiki ijayo bua limesimama katikati, na kabla hujajua la kufanya, maua yamefunguka: meupe, yenye vijistari vya zambarau, petali nne kama msalaba. Ukiing'oa wakati huo, mzizi ni mgumu kama ukuni. Miaka yangu ya kwanza nilizing'oa zote, nikazitupa kwenye lundo la mboji.

Aliyenikataza ni mama mmoja mwenye kipande cha ardhi kinachopakana na changu. Ni Mgujarati mzaliwa wa Kisumu, aliyeingia Uingereza mapema mwaka 1968, siku ambazo Wahindi wa Kenya walikuwa wakikimbizana na sheria ya uhamiaji iliyopitishwa Machi mwaka ule. Wajukuu wake humwita Ba, yaani bibi, na sisi majirani tumefuata. Alinikuta nimeshika figili tatu mkononi, udongo bado unadondoka.

"Wacha, mwanangu," akaniambia. "Hiyo bado chakula. Ngoja mogri."

Mogri, kwa Kigujarati, ni maganda mabichi ya mbegu za figili. Iko aina inayopandwa kwa ajili ya maganda tu, haina mzizi wa maana. Waingereza huiita figili mkia wa panya, na ganda lake hupita sentimita 20. Wajerumani nao wana yao, München Bier, ambayo mzizi wake mweupe na maganda yake vyote hutafunwa na bia. Lakini huna haja ya kuhangaika kutafuta mbegu za ajabu. Hata figili nyekundu ya mviringo, ile ya kila duka, hutoa maganda yanayolika, mafupi na manene kama kidole cha mwisho cha mtoto.

Nchi ya baridi inaifaa sana kazi hii. Figili ni ndugu ya kabichi na haradali, na haipatani na joto kali. Mimi husia mbegu mwezi Aprili na kuacha sentimita 30 baina ya mche na mche, kwa sababu zikitoa maua hufika kifuani mwa mtu mzima na kuanza kulala. Nazifunga kwenye vijiti mapema, kabla upepo haujanitangulia. Tena usipande mmoja: figili kwa kawaida haikubali chavua yake yenyewe, inataka ya jirani. Wanaoileta ni nyuki, hasa wale wanene wenye manyoya, ambao hutoka hata asubuhi ya baridi wakati wenzao wangali mzingani. Adui mkubwa ni vidukari wanaojazana kwenye vikonyo vya maua. Hao nawafuta kwa vidole, na maji yanamaliza.

Kuchuma ndiko kunakohitaji jicho. Ganda zuri ukilikunja huvunjika kwa mlio, *ta!*, na ndani mbegu ni vitone vya kijani visivyokomaa. Ukilitafuna, kwanza unapata maji na utamu mdogo, kisha ukali wa haradali unapanda puani na kutulia. Likikunjika bila kuvunjika, umechelewa: limeshafanya nyuzi. Pita kila siku mbili. Mmea unaochumwa huendelea kutoa maua, unaoachwa hugeukia kukomaza mbegu.

Ba hukaanga haradali mpaka iruke, akatia kitunguu saumu na manjano, kisha maganda yaliyokatwa, dakika tatu au nne tu. Siku za joto huyachanganya mabichi na mtindi na jira, au huyatia kwenye kachumbari, neno ambalo mimi na yeye hatuna haja ya kutafsiriana.

Kinachoniuma ni kwamba Waingereza wenyewe waliyajua maganda haya. Kitabu cha upishi cha Hannah Glasse, kilichotoka London mwaka 1747, kinaeleza achari ya maganda ya figili: kwanza maji ya chumvi yenye nguvu ya kufanya yai lielee, siku kumi, kisha siki ya moto yenye tangawizi na karafuu. Leo jirani yangu wa upande wa pili, mkulima hodari, hung'oa figili zake kila Juni na kuniomba radhi kwa magugu.

Mwaka huu Ba aliacha mimea minne bila kuichuma, akaifunga kitambaa chekundu. Mwishoni mwa Agosti maganda yalikuwa yamekauka, rangi ya majani makavu. Ganda la figili halipasuki lenyewe kama la haradali, kwa hiyo aliyamimina ndani ya gunia, akalipiga kwa mchi, akapepeta kwenye sinia dhidi ya upepo. Mbegu zangu alizifunga kwenye kipande cha gazeti, akaandika juu yake kwa kalamu ya risasi: *Aprili*.